Fundi wa Singida na Kiwango Asichokisoma

Msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba akilisikia jina la Singida, la kwanza kumjia akilini ni mafuta ya alizeti yanayokaangia samaki wake, au asali, au wale kuku wa kienyeji ambao sifa yao imefika mbali kuliko watu wa mkoa wenyewe. Leo tunamwomba ayaweke kando hayo yote kwa muda, aifikirie nyumba ya mkulima wa huko: ukuta wake, paa lake, na msingi uliokaa juu ya udongo usiojua bahari. Tunamwomba hivyo kwa sababu jambo linaloisumbua nyumba ile ndilo linaloisumbua nyumba ya Makunduchi na ya Wete, na kwa sababu wakubwa wanaolisoma gazeti hili asubuhi ofisini ndio wenye uwezo wa kulitengeneza.

Jambo lenyewe ni viwango vya ujenzi. Neno hili kwa wananchi wengi lina harufu ya ofisi na mihuri, na pengine ya faini. Kwa hakika kiwango ni makubaliano tu. Watu wanaoijua kazi wamekaa pamoja, wamepima, wamejaribu, wamevunja matofali kwa mashine na kuyapinda mabati kwa makusudi, kisha wakaandika kwamba tofali la kubeba ukuta lisipungue nguvu fulani, bati lisipungue unene fulani, na zege lisiachwe likauke kabla ya siku fulani. Makubaliano hayo yakifuatwa, mnunuzi asiye mtaalamu analala usingizi chini ya paa ambalo hakulipima mwenyewe. Yasipofuatwa, analala kwa bahati.

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania Bara, juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Msafiri anayetoka Dodoma hupita Bahi, akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa, akafika Manyoni, kisha akaendelea kaskazini kupitia Ikungi mpaka mji wa Singida wenyewe, ulioketi kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na majabali makubwa ambayo mtu angedhani yamepangwa na mikono. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, na kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 800 hivi, pungufu ya nusu ya ile inayonyesha Unguja. Upepo ni mkali kiasi kwamba wataalamu wamekuwa wakipanga kuutumia kuzalisha umeme. Mchana jua huchoma, na usiku wa Juni na Julai mtu wa pwani hutafuta blanketi la pili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu zaidi ya milioni mbili.

Wazee wa nchi hiyo, Wanyaturu, Wanyiramba, na Wagogo wa upande wa Manyoni, waliijibu hali hiyo ya hewa kwa nyumba ya tembe. Watu wa visiwani si wageni wa nyumba hii. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 ilipita Ugogo, na wapagazi na wafanyabiashara wa pwani walilala ndani ya tembe na chini ya vivuli vyake. Neno lenyewe limebaki katika Kiswahili chetu. Ilikuwa nyumba fupi, ya kuta za miti na udongo, yenye paa la bapa la magogo na fito lililofunikwa udongo mzito, iliyozunguka ua ambamo ng'ombe walilala salama.

Tunataka msomaji alitazame jengo hili kwa jicho la fundi. Udongo wa paa ulizuia joto la mchana lisiingie, na usiku ukaliachia pole pole, hata aliye ndani asichomeke mchana wala asitetemeke usiku. Ufupi wa nyumba uliunyima upepo mahali pa kushika. Mapana ya chumba yaliamuliwa na urefu wa mti uliopatikana msituni, kama vile mapana ya vyumba vya Mji Mkongwe yalivyoamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Kila mjenzi aliijua hesabu hiyo bila kuandikiwa. Mti wa aina gani usioliwa haraka na mchwa, udongo wa kichuguu au wa mbugani, mteremko wa paa kiasi gani ili maji yaondoke bila kuuchukua udongo: hayo yote yalikuwa viwango, ila vilihifadhiwa kichwani na kurithishwa kwa mikono.

Hatusemi kwamba tembe ilikuwa pepo. Ilikuwa na giza, na moshi wake uliwaumiza watu macho. Mchwa walipoishinda nguzo, uzito wote wa paa ulikuwa juu ya waliolala. Mwaka wa mvua nyingi paa lilivuja siku nzima baada ya mvua kwisha. Ndiyo maana mwito wa nyumba bora ulipokuja baada ya Uhuru, na hasa watu walipohamishiwa katika vijiji mnamo miaka ya 1973 hadi 1976, walio wengi waliiacha tembe bila majuto makubwa. Bati lilikuwa dalili ya maendeleo, na aliyeezeka bati alionekana ametoka gizani kweli kweli.

Kosa, kwa maoni yetu, lilitokea hapo. Kiwango cha zamani kilitupwa kabla ya kipya kumfikia fundi. Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1971 ilianzisha kitengo cha utafiti wa majengo, ambacho ndicho mzazi wa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wa leo. Mwaka 1975 ilitungwa sheria iliyounda Shirika la Viwango Tanzania. Zanzibar nayo, kwa sheria ya mwaka 2011, ikapata Taasisi ya Viwango yake. Maabara zipo, wataalamu wapo, na vitabu vya viwango vimejaa makabati. Lakini mtu aliyekuwa akijenga tembe kwa hesabu aliyoipata kwa babu yake alijikuta anajenga nyumba ya tofali na bati kwa hesabu aliyoiona kwa jirani, na jirani naye aliiona kwa mwingine.

UKUTA UNAVYOANGUKA

Tulianze tofali, kwa kuwa ndilo linalodanganya watu zaidi. Saruji inayofika Singida imesafiri umbali mkubwa. Kutoka Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 700. Kila kilomita imeongeza bei ya mfuko, na kila shilingi iliyoongezeka ni kishawishi kwa mfyatuaji kuongeza mchanga. Mfuko mmoja wa kilo 50, ukitumiwa kwa uaminifu, hutoa matofali thelathini hivi ya inchi sita. Wapo wanaotoa hamsini na zaidi. Kwa macho matofali hayo yanafanana. Ukiyagonga, moja hulia na jingine hunyamaza, lakini mnunuzi mwenye haraka hagongi.

Kisha lipo suala la maji. Saruji haikauki kama nguo. Inashikana kwa kunywa maji, na kazi hiyo huendelea kwa siku nyingi. Tofali au zege linalotakiwa kuwa na nguvu lapasa kutunzwa likiwa na unyevu kwa siku saba angalau, na wahandisi hulipima nguvu zake likifikisha siku 28. Katika nchi ambako mama hutembea mwendo mrefu kutafuta ndoo ya maji, kumwambia fundi amwagilie matofali asubuhi na jioni kwa juma zima ni kumwambia jambo kubwa. Anayamwagilia siku mbili, jua la Singida linamaliza kazi, na tofali linabaki na nusu ya nguvu lililokusudiwa kuwa nayo.

Sisi wenyewe hatuna haki ya kumcheka. Miaka michache iliyopita tulijenga uzio nyumbani kwa matofali tuliyoyanunua kando ya barabara, kwa mtu ambaye hatutamtaja kwa kuwa wenzake ni wengi. Masika ya kwanza pembe zikaanza kumomonyoka, na kabla ya masika ya pili watoto wa mtaa walikuwa wamechimba tundu la kupitishia mpira kwa kijiko cha chai. Uzio haukumuua mtu. Ungekuwa ukuta wa chumba cha kulala, tusingeandika habari hii kwa utani.

Usiku wa Machi mwaka 2015, kijiji cha Mwakata katika wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, jirani wa Singida kwa upande wa kaskazini magharibi, kilipigwa na mvua ya mawe iliyoandamana na upepo. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo usiochanganywa na kitu. Paa liliondoka kwanza, maji yakaingia kwenye vichwa vya kuta, kuta zikalainika na kuwaangukia waliokuwa wamelala. Takriban watu 40 walifariki dunia katika usiku ule mmoja. Tarehe 3 Desemba 2023, huko Katesh chini ya mlima Hanang, mpakani kabisa na Singida, mvua kubwa iliteremsha tope na mawe yaliyoua watu zaidi ya 80. Hapo tatizo lilikuwa mahali nyumba zilipojengwa kuliko namna zilivyojengwa. Lakini kuchagua mahali pa kujenga nako ni sehemu ya viwango, na tena ni sehemu ya kwanza.

Paa nalo lina elimu yake. Wananchi wengi hudhani upepo husukuma nyumba kwa ubavuni. Kwa bati, hatari kubwa zaidi ni kwamba upepo upitao juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na ule uingiao kwa dirisha husaidia kulisukuma kutoka ndani. Paa la tembe lilikuwa zito mno kunyonywa. Bati ni jepesi, na kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati lilivyo jembamba, jambo ambalo muuzaji halisemi mpaka aulizwe. Kwa hiyo paa la bati haliwezi kukaa kwa uzito wake, lazima lifungwe. Bati lifungwe kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye lenta ya zege iliyozunguka nyumba nzima, na lenta ishikane na ukuta. Mnyororo huo ukikosa pingu moja, zilizobaki ni mapambo. Mara ngapi tumesoma habari ya darasa lililoezuliwa, na mwandishi akalaumu upepo! Nyaya za kufungia kenchi kwenye lenta ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kuezeka upya.

CHUMVI YA ZIWA NA CHUMVI YA BAHARI

Hapa ndipo mtu wa visiwani atakapoona kwamba habari hii ni yake. Mtu akipita Singida ataona chini ya kuta nyingi mstari mweupe, kiasi cha goti, ambapo plasta imevimba na kubanduka. Ni chumvi. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za mikoa ya kati yana chumvi. Ukuta huyanyonya kutoka chini kama utambi wa taa, maji yanakauka, chumvi inabaki, inakua ndani ya plasta na kuipasua. Dawa yake inajulikana: tandiko la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, na mchanga na maji yasiyo na chumvi. Vitu hivyo vyote vimo katika vitabu vya ujenzi. Ni vichache katika nyumba.

Kwetu chumvi inatoka baharini, na inaingia kwa mlango mwingine. Mchanga wa ardhini umekuwa adimu Unguja, hata Serikali ikalazimika kuuwekea masharti uchimbaji wake, na anayeukosa hushawishika kuchota wa pwani. Mchanga huo ukiingia katika zege lenye nondo, chumvi huila nondo polepole. Nondo yenye kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Mwenye nyumba anaona ufa mwembamba darini, anapaka rangi, na anamshukuru Mungu. Baada ya miaka kumi kipande cha zege kinaanguka juu ya meza ya chakula.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujikumbusha kwamba jengo hufa kama mtu, kwa maradhi yaliyoonekana mapema. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka mbele ya macho yetu wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Sehemu nyingine ya jumba hilo ilikuwa imeanguka mwaka 2012. Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36; na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo likawaangukia wafanyabiashara na wateja wao, na zaidi ya watu 20 wakafa. Majengo ya mjini yakianguka, tume huundwa. Kuta za vijijini huanguka moja moja, usiku, na hakuna anayezihesabu.

Mabadiliko ya tabia nchi yamezidisha uzito wa mambo haya. Kipimo chochote cha mfereji, cha mteremko wa paa au cha nguvu ya kenchi kimetokana na kumbukumbu za mvua na upepo wa miaka iliyopita. Kama mvua ya mwezi mmoja sasa yaweza kunyesha kwa siku mbili, basi mfereji uliokuwa mpana jana ni mwembamba leo, ingawa hakuna aliyeugusa. Visiwa vyetu vilikwisha onja tufani mwezi wa Aprili mwaka 1872, iliyozamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu. Kwa muda mrefu watu waliihesabu kuwa ni ajabu isiyorudi. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Kimbunga Hidaya kilisogea mpaka jirani ya Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inahudumia pande zote mbili za Muungano, na takwimu zake ndizo zinazofaa kuwa msingi wa kuvipitia upya viwango vya mapaa na mifereji, Singida kama Pemba.

Ipo pia hesabu ya joto na ya kuni, ambayo haizungumzwi sana. Chumba cha bati kisicho na dari ni tanuri saa nane mchana. Nyumba ikielekezwa ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, paa likatokeza nje ya ukuta kiasi cha sentimita 60, madirisha yakakabiliana ili hewa ipite, joto hupungua bila kutumia hata uniti moja ya umeme. Baraza za nyumba zetu za Ng'ambo zilikuwa zikiifanya kazi hiyo, pamoja na kuukinga ukuta na mvua, zamani kabla ya feni. Kuhusu kuni, tofali la kuchoma ambalo limeenea sana Singida hula miti. Na miti ya Manyoni na Itigi ndiyo inayowapa nyuki maua ya asali ile tunayoisifu. Kila tanuri la matofali linalowaka huko ni mizinga iliyokosa mahali pa kutundikwa.

Badala yake lipo tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Bogota, Colombia, mnamo mwaka 1956, na wakala wetu wa utafiti wa nyumba umekuwa ukieneza matofali ya kufungamana ya aina hiyo kwa miaka mingi. Haihitaji kuni hata moja. Inachohitaji ni kuujua udongo. Wataalamu wanatumia kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, na upana na kina cha sentimita 4: udongo uliolowanishwa hujazwa humo, huachwa ukauke, kisha hupimwa umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa chini ya milimita 12, sehemu moja ya saruji yatosha kwa sehemu 18 za udongo. Ukisinyaa kati ya milimita 24 na 39, sehemu 14 tu. Hiki ndicho kiwango katika sura yake iliyo nzuri kuliko zote. Kisanduku hakina umeme wala hakihitaji digrii, na kinamwambia mkulima wa Mkalama asitupe saruji bure wala asiibane.

LUGHA YA KITABU

Tumefika penye kiini cha malalamiko yetu. Viwango vingi vya ujenzi katika nchi yetu vimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi wahandisi wetu walitumia vitabu vya Uingereza vyenyewe, na vilivyoandikwa hapa baadaye vikafuata lugha ile ile. Mhandisi anavisoma, na mkaguzi anavisoma. Fundi mwashi wa Ikungi, ambaye ndiye anayechanganya zege, na ambaye mkono wake ndio utakaoamua kama lenta itashika au haitashika, havisomi. Tunamtaka mtu atii sheria ambayo hatujamsomea.

Jambo hili linawahusu watu wa visiwani kwa namna ya pekee. Lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ilikuwa ya Unguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kuisimamia ilifanya kazi ile ile ambayo mashirika ya viwango hufanya kwa saruji: kupima, kukubaliana, kuandika. Hata neno letu la ubunifu wa majengo, usanifu, limetoka katika shina hilo hilo. Tulitoa kiwango cha lugha kikaenea mpaka Singida na kuvuka mipaka. Mwaka 2021 sheria ya Jamhuri ya Muungano ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mtu aweza sasa kuhukumiwa kwa Kiswahili kwa kujenga ukuta mbovu, na maelezo ya ukuta mzuri yakawa bado yamefungiwa katika lugha nyingine.

Wako watakaosema kwamba kutafsiri vitabu vya kitaalamu ni kazi ndefu, na kwamba fundi hasomi hata kikiwa Kiswahili. Tunawajibu kwa mfano wa nchi hii hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili wa Tanzania Bara katika vikundi vya kusoma, kwa kijitabu cha Kiswahili chepesi na kipindi cha redio kila juma. Wengi wao walikuwa wametoka kujifunza kusoma, na wengine walisomewa. Walipomaliza walichimba vyoo kwa mamia ya maelfu. Hakuna aliyewapelekea kitabu cha uhandisi wa vyoo. Walipelekewa yale machache yaliyokuwa ya lazima, kwa lugha yao, na kwa wakati ambao wote walikuwa wakisikiliza.

Wengine watatuuliza swali zito zaidi, nalo tunaliheshimu: je, viwango havitamfukuza maskini? Historia inawapa haki ya kuuliza. Mwaka 1914 Wajerumani waliugawa mji wa Dar es Salaam katika kanda kwa kigezo cha aina ya jengo, na Waingereza wakauendeleza mpango huo. Kwa karatasi kanuni ilihusu vifaa vya ujenzi, kwa vitendo ikatenga Wazungu, Wahindi na Waafrika. Nyumba ya udongo ikaitwa ya muda hata ikikaa miaka hamsini. Kiwango cha namna hiyo hatukitaki. Kinachofaa ni kiwango kinachouliza ukuta unabeba nini na unastahimili nini, kisiulize umetengenezwa kwa kitu gani. Kwa kipimo hicho ukuta wa udongo uliotengenezwa vizuri hupita, na ukuta wa saruji ya kuibia hushindwa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tunawaelekea sasa viongozi wetu, wa Serikali zote mbili. Kwanza, kibali cha ujenzi ni jambo la mjini. Kijijini mtu hujenga anapotaka na anavyotaka, na sisi hatushauri afuatwe na mgambo. Lakini Serikali yenyewe inajenga vijijini kila mwaka. Mwaka 2021 na 2022 ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19, kila moja kwa shilingi milioni 20, na mengi yalijengwa na mafundi wa mahali hapo hapo chini ya kamati za wananchi. Utaratibu huo tunauunga mkono. Hata hivyo, kila darasa la namna hiyo lingeweza kuwa shule mara mbili. Mafundi wa kata wangefundishwa pale pale, kwa siku tatu, jinsi ya kupima mchanganyiko, kufunga kenchi na kumwagilia zege, kisha wakarudi kwenye nyumba za majirani na ujuzi huo. Darasa likijengwa kwa haraka ili lizinduliwe kabla ya tarehe ya mgeni rasmi, fundi anajifunza haraka ile.

Pili, Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar wawafuate wafyatuaji wa matofali walio kando ya barabara. Kiwanda kikubwa cha saruji hukaguliwa, na mfuko wake una alama ya ubora. Saruji hiyo nzuri hufika kwa mfyatuaji na kugeuka kuwa tofali baya, na hapo alama haipo tena. Mashine ndogo ya kuvunjia tofali katika kila makao makuu ya wilaya, ambayo mwananchi angeweza kupeleka matofali matatu kabla ya kununua elfu tatu, ingefanya zaidi ya maonyo mengi ya redioni.

Tatu, BAKIZA na BAKITA wakae na wahandisi na mafundi katika chumba kimoja. Tunasisitiza mafundi, maana maneno wanayo tayari: kenchi, papi, lenta, nondo, ringi, timazi, jamvi. Hayahitaji kubuniwa upya na mtu ambaye hajawahi kushika mwiko. Wahandisi wetu wamekuwa wakihangaika kutafuta neno la kitaalamu la kulitunza zege na unyevu mpaka likomae. Fundi wa Singida na fundi wa Chake Chake wote husema kumwagilia, nasi hatuoni ubaya wake, mradi kijitabu kiseme ni siku saba.

Msimu wa kufyatua matofali Singida ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, mavuno yakiwa yameingia ghalani na fedha ya alizeti ikiwa mkononi. Kijitabu cha kurasa ishirini, chenye picha, kikifika huko mwezi wa Mei kitakuta watu wana haja nacho. Kikifika Novemba kitakuta kuta zimekwisha simama, na kitakaa mwaka mzima mezani kwa mtendaji wa kata.